PICHA IFANANE NA MWENYEWE: Kazi ya Kipima-Mwanga

Katika lugha ya Kiganda picha huitwa ekifaananyi, na Mswahili hahitaji mkalimani ili atambue kwamba neno hilo ni ndugu wa neno letu kufanana. Picha ni kitu kinachofanana na mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuutazama uzuri wa fremu au ukubwa wa karatasi, hapana budi kuuliza swali moja: je, mama aliye kijijini akiipokea picha hii atamtambua mwanawe bila kusoma jina lililoandikwa nyuma?

Ni familia chache za askari zisizokuwa na picha ya namna hii sandukuni: sare inang'aa, vifungo vinahesabika, ukuta wa nyuma unaonekana hata nyufa zake, lakini uso ulio chini ya kofia ni doa jeusi lisilo na macho. Aliyepigwa picha huilaumu kamera, mpiga picha hulilaumu jua, na msafishaji wa picha hulaumiwa na wote wawili. Mara nyingi watatu hao hawana hatia. Kilichotokea ni kwamba mwanga haukupimwa mahali palipostahili, yaani usoni.

Chombo cha kuupima mwanga huo kipo, nacho ni kidogo hata chatosha katika mfuko wa shati. Huitwa kipima-mwanga cha mkononi. Ingawa siku hizi picha nyingi mjini Kampala hupigwa kwa simu na kwa kamera zisizotumia filamu, bado wako wapenzi wa filamu, na viwanda kama Kodak na Ilford vingali vinaitengeneza. Aidha, kanuni ya chombo hiki humfaa hata yule ambaye hajapata kushika filamu maishani mwake.

FILAMU NA JERIKENI LA MAJI

Filamu huhitaji kiasi maalumu cha mwanga, bila kupungua mno wala kuzidi mno. Mfano wake ni jerikeni linalojazwa maji bombani. Ukifungua bomba sana, jerikeni hujaa upesi; ukilifungua kidogo, utangoja. Katika kamera, bomba ni tundu la lenzi, na muda wa kungoja ni mwendo wa kifyatuo.

Tundu la lenzi huandikwa kwa namba: f 2.8, f 4, f 5.6, f 8, f 11, f 16. Namba ikikua, tundu hupungua, na kila hatua moja hupunguza mwanga kwa nusu. Mwendo wa kifyatuo nao huandikwa kwa sehemu za sekunde: 1/30, 1/60, 1/125, 1/250, na kila hatua vile vile hugawa mwanga kwa nusu. Hivyo f 8 kwa 1/125 na f 5.6 kwa 1/250 huipa filamu mwanga ule ule. Jambo la tatu ni wepesi wa filamu yenyewe, unaoandikwa kwa namba ya ISO, ambayo zamani ilijulikana kama ASA. Filamu ya ISO 400 hutosheka na robo ya mwanga unaohitajiwa na filamu ya ISO 100.

Mwanga ukipungua, sehemu za giza haziachi alama yoyote juu ya filamu, na hakuna dawa ya chumba cha giza iwezayo kurudisha kitu ambacho hakikuandikwa. Mwanga ukizidi mno, sehemu nyeupe huungua. Hata hivyo, negativu ya kawaida husamehe mwanga uliozidi kidogo kuliko mwanga uliopungua. Kwa sababu hiyo mpiga picha mwenye shaka kati ya namba mbili huchagua ile inayoingiza mwanga zaidi.

JUA LA KAMPALA

Mji wa Kampala uko karibu sana na mstari wa ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Kwa hiyo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, na mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita karibu utosini kabisa. Jua la namna hiyo hutupa kivuli cha paji la uso machoni, na kivuli cha pua mdomoni. Jioni nayo haina subira. Jua likishazama, mwanga hutoweka upesi, na aliyezoea kukisia kwa macho hujikuta amechelewa.

Jicho la mwanadamu ni shahidi asiyeaminika katika jambo hili. Mtu akitoka uani penye jua akaingia barazani, jicho lake hujirekebisha lenyewe, naye hudhani mwanga umepungua kidogo tu. Kumbe barazani mwanga waweza kuwa sehemu moja ya nane ya ule wa uani, au chini ya hapo. Filamu haina uwezo wa kujirekebisha.

Wakongwe wa kazi walikuwa na kanuni moja ya kukumbuka, nayo ingali sahihi: penye jua kali lisilo na wingu, weka tundu kwenye f 16, na mwendo wa kifyatuo ulio karibu na namba ya filamu. Filamu ya ISO 100 hupigwa kwa 1/125. Ya ISO 400 hupigwa kwa 1/500. Kukiwa na mawingu mazito fungua hadi f 5.6, na kwenye kivuli kilicho wazi hadi f 5.6 au f 4. Kanuni hii huokoa siku, lakini haiwezi kusema lolote kuhusu chumba chenye dirisha moja, kanisa, msikiti, au kivuli cha mwembe.

CHOMBO NA ASILI YAKE

Mnamo mwaka 1932 kampuni ya Weston ya Marekani ilianza kuuza kipima-mwanga cha umeme kwa wapiga picha. Ndani yake mlikuwa na kipande cha seleniamu, madini ambayo mwanga ukiyaangukia huzalisha umeme mdogo. Umeme huo husukuma mshale, na mshale huonesha namba. Hakuna betri. Mwaka 1940 Mmarekani Don Norwood alipewa hataza ya chombo chenye kifuniko cheupe cha mviringo, mfano wa nusu ya mpira wa tenisi ya meza. Kuba hiyo ndogo hupokea mwanga kutoka mbele, juu na ubavuni, kama uso wa mtu unavyoupokea. Sekonic L-398 ya Japani, ambayo wapiga picha wengi duniani wameitumia, imefuata umbo hilo hilo.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa ambayo msomaji anaombwa aishike vizuri. Kuna njia mbili za kupima. Njia ya kwanza ni kupima mwanga unaorudi kutoka kwa kitu kuja kwenye kamera. Hivi ndivyo vifanyavyo vipimo vilivyomo ndani ya kamera zenyewe. Njia ya pili ni kupima mwanga unaomwangukia mtu kabla haujagusa nguo wala ngozi yake. Hii ndiyo kazi ya kuba nyeupe.

MTEGO WA NGUO NYEUPE

Kipimo cha mwanga unaorudi hakijui kinachotazama. Kimefundishwa jambo moja tu, kwamba kila kitu duniani kina rangi ya kijivu cha wastani, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Kikielekezwa kwenye kanzu nyeupe inayorudisha karibu asilimia 90, hudhani mwanga ni mwingi mno, nacho huamuru tundu lifungwe. Kanzu hutoka ya kijivu, na uso wa mwenye kanzu huzama gizani.

Tuchukue mfano wa askari wa usalama barabarani, ambaye sare yake hapa Uganda ni nyeupe. Amesimama barazani saa nne asubuhi pamoja na mama yake, na kamera ina filamu ya ISO 100. Tuseme mwanga unaowaangukia wote wawili unahitaji 1/125 kwa f 5.6. Mpiga picha anayeelekeza kipimo chake kwenye sare ataambiwa f 11 na ushei, yaani zaidi ya hatua mbili chini ya haki. Uso wa askari utapokea robo ya mwanga uliostahili, au pungufu ya hapo. Mpiga picha huyo huyo akikielekeza kwenye mlango mweusi ulio nyuma yao, ataambiwa f 2.8, na hapo sare itaungua hata mikunjo yake isionekane. Mwanga wa barazani haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni rangi ya kitu kilichotazamwa.

Kuba nyeupe ikiwekwa kando ya shavu la mama itasema f 5.6. Ikiwekwa kando ya shavu la mwanawe itasema f 5.6 vile vile. Sare hutoka nyeupe, mlango hutoka mweusi, na nyuso mbili hutoka jinsi zilivyo.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu sisi Waafrika. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilikuwa ikipeleka kwa wasafishaji kadi ya kulinganishia rangi, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, na aliyekuwa kwenye kadi hiyo alikuwa mwanamke wa Kizungu. Ngozi yake ndiyo iliyofanywa kipimo cha ngozi zote. Ilikuwa hadi miaka ya 1990 ndipo kampuni hiyo ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Kwa miaka mingi, basi, uso mweusi ulipotoka bila sura, watu waliambiwa kwamba ndivyo uso mweusi ulivyo. Mpiga picha mwenye kipima-mwanga na ujuzi wa kukitumia ana jibu kwa maneno hayo.

NAMNA YA KUPIMA

Kwanza, zungusha duara la chombo hadi lioneshe namba ya filamu iliyomo katika kamera. Kosa la hatua hii huharibu filamu nzima, picha zote 36.

Pili, hakikisha kuba nyeupe imefungwa mahali pake.

Tatu, mwendee unayempiga picha. Weka chombo karibu na uso wake, chini kidogo ya kidevu, na uielekeze kuba kwenye kamera. Wengi hukosea hapa kwa kusimama karibu na kamera na kuielekeza kuba kwa mtu. Wakifanya hivyo, hupima mwanga unaomwangukia mpiga picha. Jihadhari pia mkono wako na kichwa chako visiitie kuba kivuli.

Nne, soma mshale, zungusha duara, na uchague namba mbili zinazofuatana na kazi yenyewe. Kwa mtu mmoja aliyetulia, 1/125 hutosha. Kwa watoto wasiotulia, ongeza mwendo hadi 1/250. Kwa kundi lenye safu tatu au nne, kama kikosi kinachomaliza mafunzo, chagua f 8 au f 11 ili safu ya mwisho isipotee katika ukungu. Ukishika kamera mkononi, usishuke chini ya 1/60 bila sababu.

Tano, ikiwa ngozi ya mtu ni nyeusi sana na nguo zake ni za giza pia, fungua tundu nusu hatua au hatua moja zaidi, ili nuru ndogo za shavu na paji la uso zipate kuandikwa.

Asiye na kuba asikate tamaa. Ikiwa chombo chake, au kamera yake, hupima mwanga unaorudi tu, aweke kiganja chake mwenyewe katika mwanga ule ule unaomwangukia mtu, akijaze kiganja hicho katika kipimo, kisha afungue tundu hatua moja zaidi ya alivyoambiwa. Kiganja cha mwanadamu hakitofautiani sana kutoka taifa hadi taifa, na kila mtu anacho.

GWARIDE NA KOFIA

Katika viwanja vya Kololo, ambako bendera ya Uganda ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962, mpiga picha hawezi kulivuka gwaride ili kupima chini ya kidevu cha kila askari. Wala hana haja. Jua linalowaangukia wanaopita ndilo linalomwangukia yeye, mradi naye amesimama juani. Ataielekeza kuba upande ule ule ambao nyuso za askari zingeelekea kamera, na namba atakayoipata itakuwa yao. Lakini akiwa amekaa chini ya paa la jukwaa, kipimo atakachokipata ni cha jukwaa, nacho hakitamfaa kwa gwaride.

Kofia yenye kilemba cha mbele ni tatizo la aina yake. Saa sita mchana hukata uso vipande viwili, kidevu juani na macho gizani, na tofauti kati yao yaweza kufika hatua tatu au zaidi. Kipima-mwanga hakiwezi kuondoa tofauti hiyo, ila huieleza. Hapo uamuzi ni wa mpiga picha. Aweza kupima ndani ya kivuli cha kofia, akubali kidevu king'ae. Aweza kumwomba askari anyanyue uso kidogo. Aweza kuwasha taa ya kamera ili ijaze kivuli, akikumbuka kwamba vipimo vya kawaida havipimi mmweko wa taa hiyo. Lililo bora kuliko yote, inapowezekana, ni kumsogeza mtu kwenye kivuli cha jengo, au kungoja hadi saa kumi alasiri.

Kadhalika ikumbukwe kwamba picha ndani ya kambi hupigwa kwa ruhusa ya mkuu wa kambi. Familia inayotaka picha ya sare haina hasara ikiipigia nyumbani au studio.

KUNUNUA CHA MKONO WA PILI

Vipima-mwanga vingi vilivyomo mikononi mwa watu leo ni vya zamani. Cha seleniamu hakihitaji betri, lakini seleniamu huchoka kwa miaka. Kabla ya kulipa, toka nacho nje penye jua kali lisilo na wingu, weka ISO 100, na ukiwa na kuba uielekeze kwenye jua. Kikisema karibu na 1/125 kwa f 16, ni kizima. Kisha ingia kivulini uone kama mshale unashuka sawasawa bila kukwama, maana vipo vinavyosema kweli juani na kudanganya chumbani. Ukinunua, kihifadhi gizani ndani ya mfuko wake, mbali na joto na unyevu.

Vipimo vingi vya miaka ya 1960 na 1970 vilitumia betri ndogo za zebaki za volti 1.35. Betri za leo zenye umbo hilo mara nyingi zina volti 1.5, na tofauti hiyo hupotosha mshale. Muuzaji akikuambia betri yoyote itafaa, usimwamini kabla ya kukijaribu juani.

SIMU NAYO HUDANGANYIKA

Simu hupima mwanga unaorudi, kwa hiyo mtego wa kanzu na gomesi nyeupe huinasa nayo, ijapokuwa simu za siku hizi zina programu za kujirekebisha. Unapompiga bibi arusi picha, gusa uso wake juu ya kioo kabla ya kufyatua. Kwa simu nyingi, kugusa huko ni sawa na kuiambia: pima hapa. Usimsimamishe mtu mbele ya dirisha lenye mwanga ukitegemea simu imwonee huruma. Mgeuze, dirisha limwangukie usoni.

NEGATIVU HUISHI KULIKO SHEREHE

Usione vyaelea, vimeundwa. Mwaka 2015 katika ofisi za Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC, hapa Kampala, zilipatikana negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1980. Kazi ya kuziingiza katika kompyuta ilianza mwaka 2018, na mwaka 2019 sehemu yake ilioneshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Picha nyingi kati ya hizo hazikuwa zimewahi kusafishwa kwenye karatasi. Kamera hizo zilifuata shughuli za serikali, na mengi ya mateso waliyoyapata raia wakati wa utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, hayakuwekwa mbele ya lenzi. Lakini umati umo: wanamuziki, wakulima, askari katika safu, wanawake waliokuja kutazama. Kila uso uliopewa mwanga wake siku ile bado waweza kutambuliwa na mjukuu. Uliozama gizani hakuna mashine ya kuuokoa.

Wapiga picha wale walifanya jambo jingine linalofaa kuigwa nyumbani: waliziweka negativu katika bahasha na kuandika juu yake tarehe na tukio. Bila maandishi hayo, kazi ya miaka ya baadaye ingekuwa ya kubahatisha. Familia yenye negativu sandukuni izitoe katika plastiki yenye unyevu, izishike kwa kingo tu, iziweke katika bahasha za karatasi kavu, na iandike kwa penseli mwaka, mahali, na majina ya waliomo kutoka kushoto kwenda kulia. Kazi hiyo ifanywe wakati wazee wanaowajua watu hao wangali hai wa kuulizwa.